Ramani ya Nyumba na Mahusiano ya Watu: Kutoka Boma la Songea hadi Mjimwema

Tunapojadili suala la makazi, mara nyingi tunahesabu. Tunahesabu nyumba zilizojengwa, mabati yaliyoezekwa, mifuko ya saruji iliyotumika na viwanja vilivyopimwa. Hesabu hizo ni za lazima, maana mwananchi anayelala chini ya paa linalovuja hawezi kufarijiwa kwa nadharia. Lakini hesabu peke yake haitoshi. Nyumba mbili zinaweza kuwa na ukubwa ule ule, idadi ile ile ya vyumba na tofali lile lile, na bado zikalea maisha yaliyo tofauti kabisa. Tofauti hiyo haimo katika ukuta. Imo katika ramani.

Ramani ya nyumba ni mchoro wa nyumba kama ambavyo ingeonekana kutoka juu, paa likiwa limeondolewa. Inaonyesha kuta, milango na madirisha. Haionyeshi watu. Kwa sababu hiyo wengi huidhani kuwa jambo la fundi na mhandisi tu, lisilohusu siasa. Sisi tunasema sivyo. Kila mstari wa ramani ni uamuzi juu ya watu: nani akutane na nani, nani apite mbele na nani apite nyuma, nani apumzike penye hewa na nani afanye kazi penye moshi. Uamuzi huo ukishajengwa kwa tofali haujadiliwi tena. Hutekelezwa kila siku, asubuhi na jioni, na watu ambao hawakuulizwa.

Ili kuliona jambo hili waziwazi tumeichagua Songea, na hasa Mjimwema, mojawapo ya kata za Manispaa ya Songea mkoani Ruvuma. Hatukuichagua kwa sababu ina majengo ya ajabu. Tumeichagua kwa sababu ina nyumba za kawaida, na historia ya nchi imo zaidi katika nyumba za kawaida kuliko katika majengo ya ajabu.

NYUMBA KABLA YA BOMA

Wangoni walifika sehemu za Songea katikati ya karne ya 19, baada ya safari ndefu kutoka kusini mwa Afrika. Katika desturi waliyokuja nayo, nyumba moja haikuwa makazi kamili. Makazi kamili yalikuwa ni mji mzima wa mtu: nyumba kadhaa za msonge, kila moja na mwenyewe, zikiwa zimepangwa kwa utaratibu unaojulikana kuzunguka uwanja na zizi. Kila mke alikuwa na nyumba yake, na nafasi ya nyumba hiyo katika mpango wa mji ilionyesha cheo chake. Kwa hiyo tukitafuta ramani ya makazi ya wakati ule, tusiitafute ndani ya msonge, ambamo mlikuwa na mlango mmoja na moto. Tuitafute nje, katika nafasi iliyo kati ya nyumba na nyumba. Uwanja ndio uliokuwa sebule, ukumbi na baraza la hukumu.

Jirani zao Wamatengo, katika milima ya Mbinga, walikuwa na sengu. Hapo watu wa ukoo walikula pamoja, wakazungumza na kuamua mambo yao. Sengu haikuwa chumba cha nyumba ya mtu. Ilikuwa ni desturi iliyopewa mahali pake, na mahali hapo palifanya iwe vigumu kwa mtu kula peke yake huku jirani ana njaa.

Hata hivyo tusije tukaigeuza historia kuwa hadithi ya peponi. Jamii ya Wangoni ilikuwa na wakubwa na wadogo. Ilitofautisha Wangoni wenyewe na masutu, yaani watu waliotekwa au waliomezwa na dola hiyo vitani. Uwanja uliowakutanisha watu ndio pia uliowaonyesha kila siku nani yuko juu na nani yuko chini. Jambo tunalojifunza hapa si kwamba zamani kulikuwa na usawa. Tunajifunza kwamba hata zamani mpango wa nyumba ulikuwa ni mpango wa jamii.

BOMA, KODI NA PEMBE NNE

Mwaka 1897 Wajerumani waliweka kituo chao cha kijeshi Songea. Boma, kama maboma mengine ya wakati huo, lilikuwa ni ramani ya namna nyingine kabisa: ukuta wa pembe nne, lango linalolindwa, na vyumba vinavyotazama ndani. Uwanja wake haukuwa wa kukutania. Ulikuwa wa kukaguliwa. Miaka michache baadaye, wakati wa Vita vya Majimaji vya 1905 hadi 1907, Songea ilishuhudia maana ya mwisho ya mpango huo, pale viongozi wa mapambano walipofungwa na kunyongwa mwaka 1906.

Mwaka huo huo wa 1897 serikali ya kikoloni ilitangaza kodi ya nyumba, ikaanza kuitoza mwaka 1898. Shambani ilikuwa rupia 3 kwa nyumba. Tuzingatie neno hilo: nyumba. Mkoloni hakujua idadi ya watu wala mavuno yao, lakini nyumba angeweza kuihesabu akiwa njiani. Kwa hiyo paa likawa kitabu chake cha hesabu. Matokeo yake yalionekana upesi katika sehemu nyingi za nchi: watu walianza kusongamana katika nyumba chache ili kupunguza kodi. Familia ambazo zamani zingejenga nyumba tatu zikalala katika moja. Hakuna msanifu aliyechora ramani hiyo ya msongamano. Ilichorwa na sheria ya kodi. Waingereza nao waliendelea na kodi ya nyumba na ya kichwa chini ya sheria yao ya 1922, na nyumba ikaendelea kuwa kipimo cha kumkamulia mwananchi fedha na kumsukuma akatafute kazi ya kibarua.

Nguvu ya tatu ilikuwa misheni. Mwaka 1898 Wabenediktini walianzisha kituo cha Peramiho, magharibi ya mji wa Songea. Hapo palikuja tofali la kuchoma, useremala na ujenzi wa kufundishwa, na ujuzi huo umebaki kuwa mali ya mkoa hadi leo. Lakini pamoja na tofali palikuja wazo: nyumba ya pembe nne, ya mume mmoja, mke mmoja na watoto, iliyogawanywa ndani kwa kuta. Mambo ambayo zamani yaligawanywa kwa uwanja sasa yaligawanywa kwa ukuta. Nyumba kadhaa ziliingizwa ndani ya moja na kuitwa vyumba.

Hayo ndiyo mapinduzi ya kwanza ya ramani katika sehemu hii ya nchi. Hatuwezi kuyaita maendeleo matupu wala uharibifu mtupu. Ukuta wa tofali ulidumu kuliko wa fito na udongo, na faida yake haikanushiki. Lakini nguvu tatu zilizoleta nyumba mpya, yaani jeshi, kodi na mafundisho, hazikumwuliza mkaaji anaishije.

UKUMBI WENYE SURA MBILI

Katika nyumba ya pembe nne yenye vyumba vingi linazuka swali: mtu atafikaje chumba cha nyuma? Kuna njia mbili. Ama apite ndani ya vyumba vingine, ama iwepo njia maalumu. Njia hiyo ndiyo ukumbi, ambao siku hizi wengi huuita korido. Historia yake inafundisha mengi.

Huko Ulaya, nyumba kubwa za mabwana wa zamani hazikuwa na korido. Chumba kilifungukia chumba kingine, na mtu yeyote, bwana au mtumishi, alipita katikati ya wengine. Msanifu na mwanahistoria Mwingereza Robin Evans alionyesha mwaka 1978 jinsi desturi hiyo ilivyobadilika Uingereza kuanzia karne ya 17. Mfano mashuhuri ni nyumba ya Coleshill, iliyojengwa katikati ya karne hiyo na kuteketea kwa moto mwaka 1952. Mwenye kuisanifu, Roger Pratt, aliweka njia katikati ya nyumba na ngazi za nyuma, ili watumishi wafanye kazi zao bila kupita mbele ya macho ya mabwana na wageni wao. Tuelewe vizuri: korido haikubuniwa ili kuwafikisha watu mahali tu. Ilibuniwa pia ili kuwaficha watu wanaofanya kazi. Kadiri tabaka la wenye mali lilivyoongezeka katika karne zilizofuata, ndivyo njia mbili zilivyoenea, ya mbele na ya nyuma.

Utaratibu huo ulisafirishwa hadi makoloni. Katika sehemu za mji zilizoitwa Uzunguni, bangaloo ilisimama katikati ya bustani, na nyuma yake, mbali na veranda, kikajengwa kibanda cha mtumishi Mwafrika. Mji mzima ulifuata mantiki ile ile. Dar es Salaam, kuanzia kanuni za ujenzi za Wajerumani za 1891 hadi zile za 1914, na baadaye chini ya Waingereza, iligawanywa kwa maeneo ya ujenzi yaliyotofautishwa kwa aina ya nyumba. Sheria ilitaja vifaa na ubora wa jengo. Matokeo yalikuwa ni Uzunguni, Uhindini na Uswahilini. Korido ya nyumba ya bwana ilikuwa imekuzwa ikawa mji.

Lakini nchi yetu ina ukumbi mwingine, na huu una sura ya pili. Ni ukumbi wa nyumba ya Kiswahili, nyumba iliyoenea kutoka pwani hadi miji ya bara. Ramani yake kila msomaji anaifahamu hata kama hajawahi kuiona kwenye karatasi. Mbele pana baraza linalotazama barabara. Mlango mmoja unaingia kwenye ukumbi. Kulia vyumba viwili au vitatu, kushoto vivyo hivyo. Ukumbi unatokea uani, ambako kuna jiko, choo, bafu, pengine na stoo. Kwenye karatasi ni mstari ule ule wa Coleshill: njia katikati, vyumba pembeni. Katika maisha ni kinyume chake. Hapa kila mtu, mwenye nyumba na mpangaji, mgeni na mtoto, hupita njia moja. Hakuna ngazi za nyuma. Asubuhi huwezi kwenda kuchota maji bila kusalimiana na watu watano. Aliyelala njaa hujulikana, na aliyeamka mgonjwa hujulikana.

Hapa ndipo penye fundisho kubwa la nadharia. Mstari wa ramani peke yake haumkomboi mtu wala haumfungi. Ukumbi unaotenga na ukumbi unaounganisha huchorwa sawasawa. Vitu vinavyoutofautisha ni mambo mawili: milango, yaani kama kuna njia ya pili ya kuwapitisha wengine, na mahusiano ya kazi na mali kati ya wanaoutumia. Kada anayetazama umbo tu atadanganyika. Anayetazama mahusiano tu, bila umbo, hataona jinsi mahusiano yanavyopata mwili.

Na hapa pia tujihadhari na kusifu kupita kiasi. Nyumba ya Kiswahili ni shule ya ujirani, lakini pia ni chombo cha kodi ya pango. Wapangaji wanaolala familia nzima katika chumba kimoja hawakuuchagua msongamano kwa kupenda ujamaa. Baraza la mbele kwa desturi lilikuwa la wanaume, na ua wa nyuma wa wanawake na kazi zao. Tukirudi nyuma zaidi hadi majumba ya mawe ya Lamu ya karne ya 18, tunakuta mpango wa hatua kwa hatua: daka la mlangoni kwa mgeni, kisha kiwanja, kisha misana, kisha ndani kabisa mahali pa heshima pa wanawake wa nyumba. Ni mpango mzuri kwa jicho, na ulikuwa na utu wake. Lakini ulikuwa mpango wa nyumba za matajiri katika jamii iliyotumia watumwa.

BAADA YA UHURU: UKUTA ULIJADILIWA, RAMANI ILISAHAULIKA

Taifa huru lililichukua suala la makazi kwa uzito. Shirika la Nyumba la Taifa lilianzishwa mwaka 1962. Benki ya Nyumba Tanzania ilifuata mwaka 1973. Kampeni ya nyumba bora iliendeshwa vijijini katika miaka ya 1970. Zanzibar, chini ya uongozi wa Karume na kwa msaada wa wataalamu kutoka Ujerumani Mashariki, zilianza kusimama ghorofa ndefu za Michenzani. Ghorofa hizo ziliwapa wananchi wa kawaida nyumba za kudumu zenye jiko na choo ndani. Lakini ua haukupanda ghorofani. Kazi zilizokuwa zikifanywa uani, za kutwanga, kufua, kuanika na kusuka ukili huku watu wakizungumza, zilibidi zitafute mahali kwenye ngazi, kwenye roshani na chini ya jengo. Mapinduzi yalikuwa yamebadili mwenye nyumba. Ramani ilitoka katika nchi yenye baridi.

Songea ina sura yake ya pekee katika historia hii. Kijiji cha Litowa kilianzishwa na vijana wa TANU mwanzoni mwa miaka ya 1960, na pamoja na vijiji vingine kikaunda Chama cha Maendeleo cha Ruvuma, ambacho kilikua hadi kuwa na vijiji zaidi ya 10. Hapo mipango ya kazi, ya shule na ya maisha ya pamoja iliamuliwa katika mikutano ya wanakijiji wenyewe. Chama hicho kilivunjwa mwezi Septemba 1969 kwa uamuzi wa ngazi za juu. Mwaka 1973 ikatangazwa kuwa kufikia mwisho wa 1976 wananchi wote wa vijijini wawe wamehamia vijijini. Nyumba zikapangwa kwa mistari kando ya barabara. Mstari ulionyooka ni rahisi kupimwa na kufikishiwa maji, shule na gari la mazao, na huduma hizo ziliwafikia watu wengi ambao zamani hawakuwa nazo. Lakini mstari uliotoka ofisini haukujua shamba la mtu liko wapi, wala maji yanatuama wapi, wala ukoo gani unahitaji kukaa karibu na upi. Tofauti kati ya Litowa na vijiji vya mistari haikuwa ya vifaa vya ujenzi. Ilikuwa ni swali la nani ameshika kalamu.

Mwaka 1977, katika kupima miaka 10 ya Azimio la Arusha, Mwalimu Nyerere alilalamikia kasumba ya kudhani kwamba nyumba haiwi nyumba bila saruji na bati, huku udongo wa kufyatulia matofali na vigae tunao. Wananchi wa Songea, ambao tofali la kuchoma walikuwa wakilifahamu tangu zamani, wangeweza kumwunga mkono kwa mfano. Lakini tuone mjadala huo uliishia wapi. Ulijadili ukuta na paa. Haukuingia ndani. Tuliuliza nyumba ijengwe kwa nini. Hatukuuliza kwa bidii ile ile ipangwe kwa ajili ya nani.

Kwamba swali hilo lingeweza kujibiwa na wasanifu wetu, Soko la Kariakoo ni ushahidi. Beda Amuli, mmoja wa wasanifu majengo wa kwanza Waafrika nchini, alisanifu jengo lililofunguliwa mwaka 1975 ambalo paa lake la miamvuli ya zege lilifunika ukumbi mpana ulio wazi kwa hewa na watu. Mpango wake ulianzia kwenye desturi ya soko lenyewe. Moto wa Julai 2021 uliliunguza, lakini haukuunguza fundisho lake.

MJIMWEMA LEO

Sasa tuingie Mjimwema. Hapa, kama katika kata nyingine za mji huu, mwananchi hujenga kidogokidogo. Mwaka huu hununua kiwanja, mwaka ujao hufyatua na kuchoma matofali, mavuno yakikubali huweka msingi, na bati huja baada ya miaka. Ni kazi ya jasho, na hatuna haki ya kuidharau. Lakini ramani yake ameitoa wapi? Mara nyingi amechorewa kwa kufuata picha iliyopendwa mahali pengine, au ameinunua ikiwa tayari. Halmashauri inapokagua mchoro kwa ajili ya kibali, hutazama mipaka ya kiwanja, uimara na afya. Hayo ni sahihi. Maisha ya ndani humwachia mchoraji.

Ramani hiyo inajulikana. Mbele sebule kubwa, ikiungana na mahali pa kulia chakula bila ukuta. Kisha korido. Vyumba vya kulala, kimoja kikiwa ni masta chenye choo chake. Jiko ndani, pembeni mwa mahali pa kulia. Nyuma chumba kidogo cha msichana wa kazi. Kuzunguka yote uzio na geti. Baraza limekuwa dogo kiasi cha kusimama mtu na viatu vyake, au limeondoka.

Tuipime ramani hii kwa hali halisi ya Songea. Kwanza, chakula hupikwa kwa nini? Katika nyumba nyingi bado ni kuni na mkaa. Kwa hiyo jiko la ndani, lenye vigae vya gharama, hubaki la kuchemshia chai na kuonyeshea wageni. Nje, nyuma ya nyumba, hujengwa banda la jiko la kweli, ambalo halimo katika ramani iliyolipiwa. Pili, Ruvuma ni mkoa wa mahindi. Baada ya mavuno magunia huingia nyumbani. Ramani haikuyatarajia, na kwa hiyo hulala katika chumba cha watoto au nyuma ya makochi. Tatu, mwezi wa Juni na Julai Songea kuna baridi kali, na watu huhitaji moto wa kuota. Sebule imechorwa kwa ajili ya runinga. Familia hukusanyika kwenye banda la nje, katika moshi, huku chumba kikubwa kuliko vyote kikingoja mgeni. Nne, mila ya kupokea ndugu kutoka kijijini haijafa. Bibi akija kutibiwa hupewa nusu ya kitanda, ilhali masta ina choo cha watu wawili.

Nani hulipa gharama ya makosa hayo? Hulipwa na mwanamke, na msichana wa kazi. Tufanye hesabu ndogo. Tuchukulie kwamba kutoka stoo ya chakula hadi banda la jiko ni hatua 15, na kwamba mpishi huenda na kurudi mara 20 kwa siku. Hizo ni hatua 600 kwa siku, na 219,000 kwa mwaka. Kwa hatua ya sentimeta 70 ni zaidi ya kilometa 150, yaani ni safari ya mguu inayopita umbali wa Songea hadi Mbinga, aliyoitembea mtu mmoja uani kwake, amebeba sufuria, kwa sababu ya mstari uliochorwa mahali pasipofaa. Hesabu ya namna hii si ngeni duniani. Mwaka 1926 msanifu wa Austria Margarete Schütte-Lihotzky, mpinzani wa ufashisti ambaye baadaye alifungwa na utawala wa Hitler, alisanifu jiko kwa ajili ya nyumba za wafanyakazi mjini Frankfurt baada ya kupima hatua na mikono ya mpishi. Majiko kiasi cha 10,000 yalijengwa. Lilipunguza sulubu, lakini lilikuwa dogo kiasi cha kumwacha mwanamke peke yake ndani. Hata dawa nzuri ina kipimo chake.

Na chumba kile kidogo cha nyuma? Ni kibanda cha bangaloo kilichorudi. Aliyekijenga mara nyingi ni mtoto wa mkulima, na anayelala humo ni mtoto wa mkulima vilevile. Coleshill imefika Mjimwema bila kupitia kwa mkoloni yeyote. Imefika kwa picha. Uzio nao una sababu zake, maana wizi upo na mtu hulinda alichokihangaikia. Lakini pale kila kiwanja kinapofungwa kwa geti na hakuna baraza lililobaki barabarani, mtaa hupoteza macho yake, na mwizi hupata njia asiyoonekana. Usalama uliokuwa mali ya wote umenunuliwa na kila mmoja peke yake, na wasio na uwezo wa kuununua wamebaki bila.

Wapo watakaosema: mwacheni mtu ajenge apendavyo kwa fedha yake. Tunakubali kwamba nyumba ni yake. Tunahitaji faragha pia. Mwanafunzi anahitaji meza yenye utulivu, na wazazi wanahitaji mlango wa kufunga. Sisi hatutaki kumrudisha mtu katika chumba kimoja cha kupanga. Tunachosema ni kwamba mtu huyu hajajenga apendavyo. Amejenga kama alivyoonyeshwa. Uhuru wa kuchagua ramani huanza pale mtu anapojua kuisoma.

KAZI ILIYO MBELE YETU

Kada na mwanafunzi anaweza kuisoma ramani yoyote, ya nyumba, ya shule, ya zahanati au ya ofisi ya kijiji, kwa maswali manne. Kuna milango mingapi ya kuingilia, na nani hutumia upi? Chumba chenye hewa na mwanga bora ni cha kazi ya kila siku au cha maonyesho? Anayefanya kazi nyingi zaidi humo ndani amepewa mita ngapi za mraba, na anatembea hatua ngapi? Na mgeni asiye na miadi anaweza kuketi wapi?

Maswali haya yapelekwe mahali yanapoweza kuzaa matunda. Vyuo vya ufundi vinavyofundisha uashi na useremala vifundishe kuchora ramani kwa kuanzia na siku moja ya familia, kutoka kuwasha moto hadi kufunga mlango. Halmashauri zinazotoa ramani za mfano zitoe ramani za mikoa: ya Ruvuma iwe na ghala la mahindi, jiko lenye bomba la moshi lililoungana na mahali pa kuketi wakati wa baridi, na baraza linalotazama barabara. Mikutano ya mitaa, inapojadili viwanja, ijadili pia uwanja wa wote. Na katika kila hatua, mwanamke anayepika aulizwe kabla ya kamba ya msingi kuvutwa, si baada ya bati kupanda.

Gharama ya kufanya hivyo ni ndogo. Kuuhamisha mlango kwenye karatasi kunahitaji kifutio. Kuuhamisha ukishajengwa kunahitaji nyundo, fedha, na mara nyingi kizazi kizima. Mjimwema bado kuna misingi inayosubiri mavuno yajayo. Hapo ndipo pa kuanzia.